Rangi Aliyoileta Mkwe

Mkwe alikuja asubuhi, na alikuja na adabu. Adabu ile peke yake ingetosha kumshtua mtu mwingine, lakini fundi alifurahi, na mtu aliyefurahi hana muda wa kushtuka.

Fundi mwenyewe watu wamemzoea kwa jina la Jicho. Kazi yake ni kurudishia rangi vichwa vya treni vya mfano, vile vidogo vya bati na chuma ambavyo wastaafu wa reli huviweka kabatini na kuvifuta vumbi kwa bidii kuliko walivyowahi kuwafuta watoto wao makamasi. Kikianguka, kikichubuka, kinaletwa kwa Jicho. Naye hakipaki chote kama mtu anayepaka geti. Anaitafuta rangi ya pale palipochubuka jinsi ilivyo leo, imeshapauka, imeshakula moshi wa jikoni na vumbi la miaka, anaichanganya hivyo hivyo na uzee wake, kisha anaziba jeraha mpaka mwenye treni anaigeuzageuza na kuuliza, "Hivi ilichubuka wapi vile?" Swali hilo ndilo linalomlaza Jicho usingizi mzuri. Maisha yake yote amefanya kazi ili kazi yake isionekane.

Mkwe huyu, aliyemwoa binti yake wa pekee, hakuwahi kukanyaga chumba cha kazi. Akija kusalimia huishia sebuleni na simu yake. Treni huziita midoli ya baba. Siku moja alimwuliza mkewe kama mzee yuko sawa kichwani, na ukuta wa nyumba ile ni mwembamba, Jicho akasikia kila neno na akanyamaza kwa heshima ya binti yake. Leo mtu huyo huyo amevua viatu mlangoni mwa chumba cha kazi, mahali ambapo hata Jicho mwenyewe havui, na amekumbatia boksi mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Kaa, kaa. Hapana, siyo hicho kigoda. Hicho kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa Dereva, rafiki wa Jicho tangu ujana, mstaafu aliyeendesha treni za kweli mpaka masikio yakapoteza nusu ya kazi. Kila siku alikuja kwa baiskeli yake, akakaa kwenye kigoda kile, akatazama rangi iliyochanganywa na kusema, "Hiyo siyo." Jicho alimjibu kwamba yeye alikuwa anatazama mbele, rangi ya treni angeijulia wapi? Wakacheka, wakanywa chai. Basi jioni moja ya wiki ile, jua likizama, Dereva alikuwa anarudi nyumbani, na kwenye kona ya mashine ya kusaga gari likamgonga. Halikusimama. Aliokotwa na wapita njia, akapelekwa hospitali, na tangu hapo amelala macho yamefumba, hajatamka neno hata moja. Wengine walisema gari lilikuwa jeusi, wengine la bluu, wengine hawakusema kitu kwa sababu hawakuliona.

Mkwe alipoambiwa kigoda ni cha nani, hakukaa popote. Alibaki amesimama, akafungua boksi.

Ndani kulikuwa na kichwa cha treni cha plastiki, kijani, cha kununua mitumbani. Jicho alikipokea kama amepewa mjukuu mwingine.

"Nimeona na mimi nijifunze, baba. Kazi yako hii. Nimechelewa, lakini..."

"Hujachelewa! Nani kakuambia umechelewa?"

Mkwe akatoa mfukoni karatasi laini iliyokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na kipande cha rangi iliyobanduka, kidogo kuliko ukucha. Ilikuwa ile nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi, ambayo watu huiita damu ya mzee.

"Rafiki yangu aliibandua kwenye kichwa cha treni halisi, kule kwenye vyuma chakavu. Nataka ya kwangu iwe hii hii, baba. Isipishane hata kidogo. Mtu akitazama asijue."

"Asijue nini?"

Mkwe akatazama dirishani. "Asijue kama imepakwa na mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza."

Jicho akacheka. Akauliza habari za binti yake, mbona wiki hii hakuja na mjukuu kama kawaida. Mkwe akasema ana homa kidogo, atakuja. Kisha akaomba, huku anatazama sakafu, kama baba angeweza kuchanganya kopo zima.

"Kopo zima? Mwanangu, treni hii inataka kijiko cha chai."

"Nikiharibu nirudie."

Hapo mtu mwenye akili angeuliza tena. Jicho ana akili, lakini alikuwa mjane mpweke ambaye rafiki yake anachungulia kaburi na binti yake haonekani, na mtu ambaye hakuwahi kumhesabu leo anaomba kufundishwa. Akasema kopo zima litapatikana.

Alipobaki peke yake aliweka kile kipande chini ya lenzi. Rangi ya kichwa cha treni halisi ina tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu, kwa sababu kila karakana inapaka juu ya uchafu wa karakana iliyotangulia. Hii ilikuwa na tabaka moja jembamba la kijivu, juu yake nyekundu, juu yake vanishi safi kama kioo. Na ndani ya ule wekundu zilikuwapo chembe ndogondogo zinazometameta.

"Treni gani hii, inakwenda harusini?" alijisemea. "Wamemdanganya mtoto wa watu."

Akakigeukia kigoda akitegemea kusikia "Hiyo siyo." Kigoda kilikuwa kitupu. Akajitia hamnazo, akafungua makopo.

Kulinganisha rangi si kazi ya haraka, na yeyote anayekuambia ana mashine ya kuifanya kwa kufumba na kufumbua mwambie aende akapake geti. Jicho alianza na nyekundu, akaitia nyeusi kwa ncha ya kijiti, akaona inaelekea kwenye rangi ya chai ya rangi, akaivuta nyuma kwa tone la bluu. Akatia unga wa bati uliosagwa, kidogo sana, kwa ajili ya zile chembe. Rangi mbichi ni mwongo mkubwa: kwenye kijiti inakuambia hivi, ikikauka inakukana. Kwa hiyo kila mchanganyiko aliupaka kwenye kipande cha kadi, akauacha ukauke, akaupeleka dirishani. Wa kwanza ulikuwa na ukahawia. Wa pili ulikuwa mzuri kivulini, ukifika juani unachachamaa. Alirudia, akalala, akaamka, akarudia. Moyoni hakutaka kuimaliza, maana kila alipoacha kuchanganya alimkumbuka Dereva, na kila alipoanza tena alipata nafuu.

Mchanganyiko wa mwisho ulipokauka aliweka kile kipande juu ya kadi, akageuka kuchukua miwani, akarudi, asikione. Alikitafuta mezani, akakitafuta chini, akadhani upepo umekichukua. Kilikuwa pale pale kwenye kadi. Alikipata kwa kupapasa na ncha ya kidole. Jicho alipiga kofi peke yake chumbani kama mwendawazimu. Hakuwahi kupatia namna ile, na Dereva hakuwapo kumwambia siyo.

Alasiri hiyo alikwenda hospitali. Dereva alikuwa amelala vile vile, kidevu kimeota ndevu nyeupe ambazo akiwa mzima asingeziruhusu. Mkewe alikaa pembeni anamlowesha midomo kwa pamba. Yeye na Jicho huitana shemeji, na wameitana hivyo muda mrefu kiasi kwamba watoto walidhani ni ndugu wa kuzaliwa.

"Amebadilika?" Jicho aliuliza.

"Anapumua," shemeji akasema. "Daktari anasema tusikate tamaa, kisha ananitazama kama mtu aliyekata tamaa."

"Polisi je?"

"Walipima barabara. Wakaitazama baiskeli wakiwa wamesimama mbali, wakasema watarudi." Akaweka pamba chini. "Shemeji, nina ombi. Ile baiskeli iko uani kwangu. Ina damu yake, pale nyuma. Kila nikienda kuanika nguo naiona. Nimechukua maji niifute, mkono umekataa. Ichukue. Ipake rangi upya yote, kijani kile kile akipendacho. Akiamka aikute mpya. Na asipoamka..." Hakuimalizia.

"Ataamka," Jicho akasema. "Nitaipaka yote. Ing'ae mpaka aone aibu kuipanda."

Shemeji akacheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alisema. Jicho alitoka pale anajiona mtu mwema.

Mkwe alikuja kuchukua kopo kesho yake. Jicho alimwonyesha ile kadi na kile kipande, akamwambia akitafute, na mkwe akakikosa. Sura yake ikalegea, ikawa kama ya mtu aliyetua mzigo. Alishukuru mara nyingi mno. Kisha akaomba kuazima kipulizio, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi ambayo Jicho hakuwahi kumwazima hata Dereva. Akaazimwa.

"Inachukua muda gani kukauka kabisa, baba?"

"Nusu siku. Iache siku nzima uwe na uhakika."

"Na mvua? Mvua ikiipiga?"

Jicho akakunja uso. "Mvua ya wapi, mwanangu? Treni ya kabatini?"

"Nauliza tu. Nijue."

"Ukipaka vanishi juu hata gharika haiiwezi."

Mkwe akavaa viatu haraka, kisigino kimoja kimekanyagwa, akaondoka. Kwenye meza alikuwa amesahau ile treni ya plastiki. Jicho alitoka mlangoni kumwita, akamwona yuko mbali tayari, anakwenda kwa miguu, ilhali mtu huyo kwa gari lake, ambalo kwa vumbi lake Jicho siku zote alilidhani jeusi, hata dukani kwa jirani huenda akiendesha. Akarudi ndani na treni mkononi.

Baiskeli aliileta asubuhi ya siku iliyofuata, akiisukuma kwa kuinyanyua nyuma maana gurudumu lilipinda. Aliipandisha mezani, chini juu, akaleta ndoo na kitambaa. Alikuwa amejiandaa kwa damu. Alipiga moyo konde, akasema damu ya rafiki si uchafu, na akaanza kufuta tope kwenye madigadi ya nyuma, lile bati linalofunika gurudumu.

Tope likatoka. Alama ikabaki. Ilikuwa ndefu kama kidole, imejikwaruza juu ya kijani kilichopauka, nyekundu iliyokolea. Damu ikikauka hubadilika ikawa kahawia, ikapasuka, ikitiwa maji inalainika. Hii haikulainika. Jicho aliisogeza baiskeli dirishani, na jua lilipoipata, ndani ya alama ile chembe ndogondogo zikameta.

Macho hayana pazia. Angekuwa na macho ya mtu mwingine angefuta, angepaka, angelala. Lakini alikuwa ameitazama rangi ile asubuhi na jioni mpaka anaijua kuliko sura yake. Hata hivyo alikwenda kuichukua kadi, kwa sababu binadamu hujidanganya mpaka mlango wa mwisho. Aliiegemeza kadi juu ya alama. Mpaka kati ya kadi na alama haukuonekana. Akakaa, na alipokuwa ameshakaa ndipo akaona amekalia kigoda cha Dereva.

Nyumba ya binti yake haikuwa mbali. Geti lilifungwa, jambo ambalo mchana halifungwi. Aligonga, mkwe akachungulia, akafungua. Gari lilikuwa uani chini ya turubai, na harufu ya vanishi ilikuwa hewani. Jicho hakuomba ruhusa. Aliinua turubai upande wa mbele. Pembeni mwa taa, juu ya gurudumu, bati lilikuwa limenyooshwa kwa nyundo na mtu asiyejua nyundo, mabondebonde, lakini rangi ilikuwa nzuri. Haikuwa na mwanzo wala mwisho. Ni Jicho tu angeweza kuipata.

"Wewe," alimwambia mkwe. "Umemgonga mzee wa watu ukamwacha barabarani, kisha ukaja kwangu na midoli."

"Siyo yeye, baba."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kiunoni. Hakuwa na homa. Alikuwa amekonda kwa siku chache kama mtu aliyeugua mwezi.

"Nilikuwa mimi," alisema. "Jua lilikuwa usoni. Nilisikia mlio, nikadhani ni shimo. Kisha nikamwona kwenye kioo, amelala. Mtoto alikuwa analia nyuma. Nikasema nitasimama pale mbele, penye watu. Nikafika mbele sikusimama. Nikasema nitarudi. Sikurudi, baba."

"Ulijua ni nani?"

"Kesho yake, ulipopiga simu kunipa habari. Ulikuwa unalia. Ningekuambia nini?"

Jicho alitaka kumpiga, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na alitaka kumkumbatia, na hakufanya hata kimoja. Mtu yule aliyeachwa pale chini zamani, binti huyu akiwa mdogo, alikuwa akimpakia kwenye baiskeli ile ile kumpeleka shule, anapiga honi kwa mdomo kama treni, mtoto anacheka mpaka anakwama pumzi.

"Nenda ukaseme," alimwambia. "Nenda leo."

"Nitafungwa."

"Huenda."

"Na huyu?" Akamsogeza mtoto mbele. Mtoto akanyoosha mikono kwa babu yake, hajui kitu. "Anyonye kwa nani? Baba, hakuna aliyeona. Gari limepona. Kimebaki kitu kimoja tu." Alishusha sauti. "Baiskeli iko wapi?"

Mkwe alikuwa amesimama nyuma ya turubai, na jinsi alivyomtazama mkewe ilikuwa wazi swali hilo walishaliuliza wenyewe kwa wenyewe mara nyingi.

"Iko kwangu," Jicho akasema.

Binti akapiga magoti pale pale kwenye zege, na mtoto mkononi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yule binti aliujua uchungu wa baba yake, akauacha ufanye kazi. Jicho aligeuka akaenda zake bila kuahidi chochote, na njia nzima alijiambia kwamba hakuahidi chochote.

Alipofika alifunga mlango. Akakaa. Alijaribu kuifikiria sura ya Dereva, ikamjia. Akajaribu kumfikiria binti yake nyuma ya nondo, ikamjia hiyo pia, na ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Hilo ni la aibu, na yeye mwenyewe aliona aibu. Akachukua thina ya kuyeyushia rangi, akalowesha kitambaa, akaanza kusugua ile alama.

Rangi ya gari haitoki kwa kubembelezwa. Ilitoka pamoja na kijani cha chini yake, ikaacha bati tupu, linang'aa. Akalipiga msasa, akalipaka rangi ya msingi. Kisha akavuta kopo la kijani. Alichotakiwa kufanya baada ya hapo kilikuwa chepesi: kuipaka baiskeli nzima kijani kibichi kinachong'aa, kama alivyoombwa, kama alivyoahidi pale kitandani. Na alikusudia hivyo. Lakini mikono ina mazoea yake, na usiiachie mikono kazi wakati kichwa hakipo. Mikono ilitazama kile kijani kilichozunguka lile doa, kimepauka kwa jua, kina kutu ya mbali na vumbi lililogeuka kuwa sehemu yake, ikaanza kukitafuta. Ikatia kijivu. Ikatia njano chafu kidogo. Ikapaka kwenye kadi, ikangoja, ikapeleka dirishani, ikarekebisha. Ikaziba lile doa, na juu yake ikapuliza vumbi la makaa, na kwa sindano ikachora mikwaruzo midogo ya miaka.

Alipomaliza, aliitazama baiskeli kutoka kila upande na jicho lake halikupata kitu. Kwake yeye, jicho lisipopata kitu ndiyo kazi imekwisha. Alinyoosha gurudumu, akaishusha, akaiegemeza ukutani, akaenda kuosha mikono. Aliiosha muda mrefu. Usiku ule alilala kama gogo, na hilo nalo lilimtisha alipoamka.

Asubuhi shemeji hakubisha hodi. Aliingia anahema, amekuja mbio, akamkuta Jicho ndiyo kwanza ameamka, miguu mitupu.

"Ameamka!"

Jicho akashika ukingo wa meza.

"Ameamka, shemeji! Alfajiri. Amefumbua macho, ameomba maji, amenitukana kidogo kwa zile ndevu. Amekuwa yeye!" Alikuwa anacheka na kulia pamoja, mikono kifuani. "Nimemwambia, 'Tumeshukuru Mungu, ile damu kwenye baiskeli yako ilikuwa inanimaliza, nimempa Jicho aipake upya.' Unajua kasema nini? Kasema, 'Damu gani? Kichwa kilitoka damu huku, baiskeli ilikuwa kule. Ile ni rangi ya gari. Limenikwaruza kwenye madigadi.' Kasema, 'Nenda mbio, mwambie asiiguse! Aitazame tu. Hao polisi wanasumbuka bure, Jicho akiiona mara moja atakuambia ni rangi gani, ya gari gani, na imetoka kiwanda gani. Hakuna mwingine.' Ndiyo maneno yake ya kwanza marefu, shemeji, na ni juu yako."

Kisha akaiona baiskeli ukutani. Kijani chake cha siku zote, kimepauka, kina vumbi, kina mikwaruzo. Akashusha pumzi kutoka chini kabisa.

"Mungu mkubwa. Bado hujaanza kuipaka."

Jicho alifungua mdomo. Angeweza kusema nilianza, nikaifuta, sikujua. Ulikuwa uongo mzuri, na ungekubaliwa, kama tu baiskeli ingekuwa mpya.

Shemeji alishainama. "Njoo nikuonyeshe. Ilikuwa hapa nyuma, hapa..." Akainamisha kichwa zaidi. Akazunguka upande wa pili, akatazama, akarudi. Akashika upindo wa nguo yake akafuta vumbi pale, na vumbi halikutoka. Alipitisha kidole taratibu juu ya bati, mbele na nyuma, na furaha ikaanza kumtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Nimeitazama kila siku nikianika nguo," alisema. "Ilikuwa hapa."

Jicho alichukua kile kitambaa cha thina akakikunja.

"Nilikuomba uipake yote. Yote, ing'ae." Alikuwa bado ameinama, anazungumza na baiskeli. "Hukuipaka. Umetoa ile moja, ukarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mtu akitaka kunifurahisha angenipakia mpya." Akasimama wima. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini Jicho alihisi anatazamwa kutoka juu. "Mume wangu kasema ukiona utajua ni rangi gani. Mimi rangi siiulizi tena. Ni ya nani, shemeji?"

Nje mtu alipita anasukuma mkokoteni, magurudumu yakalia mpaka yakapotea.

"Ya binti yangu," Jicho akasema.

Shemeji hakupiga kelele. Alishika usukani wa baiskeli akaanza kuitoa. Kizingiti kilikuwa kirefu na gurudumu bado lilikuwa linayumba, na Jicho, kama alivyozoea kumsaidia mwenye baiskeli ile siku zote, akanyoosha mkono kuinyanyua nyuma.

"Usiiguse," shemeji akasema. "Vaa viatu. Mume wangu anakusubiri wewe, siyo mimi. Utamwambia mwenyewe."

Akatangulia. Jicho alivaa viatu, akaziacha kamba bila kuzifunga, akamfuata.